Nimemweka Shemeji Benchi kwa Takwimu, na Mbuzi wa Ushindi Ananing'inia Bandani Kwangu

Mpendwa mshauri wa redioni, Bibi Asylkan,

Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu hapa Sary-Dobo. Bandani kuna mbuzi asiye na kichwa ananing'inia, mke wangu ananijazia chai mpaka ukingoni mwa bakuli, na Jumamosi ni fainali yetu na Kara-Bulak. Naomba msaada wako kabla theluji ya paa haijaisha kuyeyuka, maana theluji ikiisha mbuzi naye ataanza kusema yake, na harufu ikianza hakuna tena wa kunishauri.

Mimi ni mwandishi wa michezo wa gazeti la hapa kwetu, lakini kabla ya hapo nilifundisha hesabu shule ya sekondari mpaka nilipostaafu, na ualimu hautoki mwilini hata ukivua koti. Sijui kama wewe ni mtu wa uwanjani, kwa hiyo nivumilie nikueleze kidogo: katika kok-boru, wapanda farasi wanne wa upande huu na wanne wa upande ule hugombea mzoga wa mbuzi, na aliye hodari huuinua kutoka ardhini farasi akiwa mbioni, akaubana chini ya paja, akakimbia nao mpaka kwenye chungu cha wapinzani, kile kichuguu cha duara chenye shimo juu, akautumbukiza, na hilo ndilo bao.

Tangu zamani habari za mchezo huu kwetu zilikuwa sauti tu, tena sauti moja, ya mtangazaji wetu Toktosun, ambaye mpanda farasi akijikuna yeye hutangaza kwamba ametoa upanga, nami nikajiambia, sasa umefika wakati wa mtu mmoja kuhesabu. Basi majira yote ya baridi nilikaa na kanda za video za msimu uliopita nikiandika nani amemchukua mbuzi, nani amenyang'anywa, nani amefunga, na hesabu ilipokamilika ikaonyesha wazi kwamba anayenyang'anywa kuliko wote katika timu yetu ni Kydyr, naam, Kydyr huyohuyo ambaye watoto wa hapa wanapewa jina lake, na ambaye, Bibi yangu, ni mdogo wake mke wangu, tumbo moja.

Nikaandika. Kichwa cha habari nikakiita "Kydyr: Tundu Katika Gunia la Sary-Dobo".

Asubuhi ya pili nilikwenda sokoni, na muuza mikate, mama ambaye nimemfundishia watoto wake wote, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, nikupe mikate miwili au asilimia mbili?" Nikapita kwa mhunzi kumsalimia, akaniinulia mguu wa farasi aliyekuwa akimpiga kiatu, akasema, "Afadhali umekuja. Hebu nisaidie, huyu kwa wastani ana miguu mingapi? Maana mmoja kaukunja, nisije nikakosea idadi ya viatu." Toktosun naye hakungoja nimfuate, alinijia mwenyewe ofisini, akaegemea mlango, akaniambia, "Mwalimu, mimi nikisema Kydyr amepaa, bibi kizee huko mlimani anadondosha mwiko. Wewe ukisema asilimia, anauokota mwiko wake anaendelea kukoroga." Nikamjibu kwamba kazi yetu si kudondosha miiko bali kusema kilichotokea, akacheka, akasema, "Kilichotokea wamekiona wenyewe, Mwalimu, walikuwepo. Wanatutaka tuwaambie kilikuwaje."

Mhariri wangu, Nargiza, ambaye ni kijana lakini ana macho makali, ndiye pekee aliyefurahi. Aliniambia, "Wanaokutukana wamesoma mpaka mstari wa mwisho, Mwalimu. Wanaomsifu Toktosun hawakumbuki hata alisema nini." Na jambo la ajabu ni kwamba wanaume walewale walionikebehi asubuhi, mchana walinivuta kando mmojammoja wakininong'oneza, "Hivi yule nahodha wa Kara-Bulak, akibanwa huwa anamwangusha mbuzi upande gani?" Nikajifunza kwamba takwimu za jirani ni elimu, na takwimu za mtu wetu ni matusi.

Ningeweza kuyabeba hayo yote, lakini kocha wetu Ormon naye alisoma, akamweka Kydyr benchi siku ya nusu fainali, na tukashinda. Sasa, kama ujuavyo, timu ikishinda humpeleka mbuzi na kumtupa mlangoni kwa mtu wanayetaka kumheshimu, na mtu huyo hana ruhusa ya kukataa, maana ni baraka, na baraka hiyo lazima aipike awalishe wapanda farasi na majirani. Mimi nilikuwa nyumbani mezani na Kydyr mwenyewe, amekuja kunywa chai kwa dada yake kwa sababu hakutaka kukaa uwanjani akionewa huruma, tukasikia kwato, halafu mlango wetu ukapigwa kishindo cha mzoga uliolowa, na nahodha wetu Jengish anapaza sauti nje, "Mwalimu! Toka umpokee! Huyu ni mbuzi wa hesabu zako!"

Kydyr aliuweka mkate wake mezani taratibu sana, akasema, "Shemeji, kawapokee wageni. Mimi natokea nyuma." Akatokea kwa kupitia zizi la ng'ombe.

Mke wangu Begaim hakupiga kelele, na laiti angepiga. Alisema tu, "Mpike mwenyewe. Usisahau kuhesabu vipande." Tangu siku hiyo ananijazia bakuli la chai mpaka ukingoni, nami katika miaka yote ya ndoa sijawahi kupewa zaidi ya nusu, kwa sababu wewe na mimi tunajua kwamba mgeni anayependwa humiminiwa kidogo kidogo ili aombe tena, na anayejaziwa ni yule anayeambiwa anywe aende zake.

Kwa kuwa sikuweza kuandaa karamu bila yeye, niliwaambia wapanda farasi kwamba mke wangu anaumwa. Kosa kubwa. Majirani wakaanza kuleta supu, na Begaim akawafungulia mlango akiwa na shoka mkononi, maana alikuwa akipasua kuni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe linalonikosesha raha. Wiki hii nilirudia zile kanda ili niandike kuhusu fainali, na safari hii sikuuliza Kydyr anampoteza mbuzi mara ngapi, niliuliza nini kinatokea baada ya kumpoteza, na Bibi Asylkan, nilihisi kama mtu aliyesahihisha mitihani ya darasa zima kwa majibu ya mtihani mwingine. Kila Kydyr anapomshika mbuzi, wapinzani wawili, mara nyingine watatu, wanakiacha chungu chao na kumfuata yeye, wanamnyang'anya, ndiyo, lakini wakati huo wamekwisha kusogea mbali, wenzake wanampokonya mbuzi upya na kufunga kwenye chungu kisicho na mlinzi. Kydyr akiwa uwanjani timu yetu inafunga karibu mara mbili ya inavyofunga akiwa nje. Na nusu fainali hatukushinda kwa sababu ya hesabu zangu, tulishinda kwa sababu farasi bora wa wapinzani aliteguka mguu kabla ya filimbi ya kwanza.

Nimemwambia Nargiza nataka kuandika masahihisho, akasema, "Mwalimu, wiki mbili zilizopita shemeji yako alikuwa tundu, leo ni ukuta? Watasema mke kakukalia. Na huyo mbuzi pia mwondoe, mwandishi hali nyama ya timu anayoiandika." Toktosun akisikia nimegeuka atakula habari hiyo mpaka sikukuu ya Nooruz ya mwaka ujao. Kwa upande mwingine, nikinyamaza, Kydyr atakaa benchi katika fainali ya mwisho ya maisha yake, maana yeye amezeeka na farasi wake kazeeka, wote wawili wanaacha mwaka huu, na kila asubuhi nikipita kwake namwona anampiga brashi yule farasi kwa ajili ya mechi ambayo hatapanda. Hajanilaumu hata kwa neno moja. Juzi tu alimwaga chai kidogo kwenye kitambaa cha meza, akanitazama, akasema, "Shemeji, hiyo nayo iandike."

Niandike ukweli nionekane mtumwa wa mke, au ninyamaze nionekane mtu wa msimamo? Na mbuzi nimfanyeje? Tafadhali usilitaje jina langu redioni.

Ni mimi mhesabuji, Sary-Dobo.

JIBU LA BIBI ASYLKAN

Mwalimu wangu,

Umeniomba nisilitaje jina lako, nami sijalitaja. Lakini katika bonde hili zima kuna mwandishi mmoja anayehesabu na mbuzi mmoja anayening'inia, kwa hiyo siri hiyo tuiache ipumzike kwa amani.

Umenieleza kok-boru kana kwamba nimezaliwa baharini. Marehemu mume wangu aliupanda mchezo huo mpaka mbavu zake zikawa zinatabiri mvua, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga bandeji. Nitalirudia jambo hilo mwishoni, kwa sababu linakuhusu.

Kwanza pole. Kukosea mbele za watu ni kuchungu, na kukosea mbele ya mke ni kuchungu zaidi. Nakusifu pia kwa jambo moja: ulizirudia kanda zako bila mtu kukulazimisha, wakati tayari ulikuwa na ushindi na mbuzi wa kukuthibitishia kwamba hukukosea. Wengi wangeishia kwenye mbuzi.

Sasa nikukaripie.

Hesabu zako hazikumtukana Kydyr. Zilisema ananyang'anywa mara nyingi, na ni kweli ananyang'anywa. Aliyemtukana ni wewe, ulipoandika "tundu katika gunia". Hilo gunia ulilitoa kwenye kanda ipi, Mwalimu? Nimefanya kazi na walimu wa hesabu, nawafahamu. Hupata mzaha mmoja kwa mwaka, na wakishaupata huurusha bila kutazama nani amesimama mbele.

Na usiwadharau wale wa sokoni. Unadhani wanachukia hesabu, ilhali umesema mwenyewe kwamba wakikuvuta kando wanaziomba. Wanachochukia ni kuambiwa kwamba kitu walichokiona kwa macho yao, kwenye baridi, wamesimama kwa miguu yao, hakikuwepo. Walikuwa wakikwambia kwamba Kydyr ni mkubwa, nawe ukawajibu kwamba ukubwa hauonekani katika hesabu. Haya, sasa jiulize hili ambalo bado hujajiuliza: wale wapinzani wawili au watatu wanaokiacha chungu chao wazi na kumkimbilia Kydyr, wanamkimbilia kwa nini? Farasi wake ni mzee, umesema mwenyewe. Wanamkimbilia kwa sababu wanamwogopa. Na wanamwogopa kwa sababu tangu wakiwa watoto wamemsikia Toktosun akipaza sauti kwamba Kydyr anapaa! Zile sifa ulizoziona upepo mtupu zilikuwa uwanjani zikifanya kazi, zikiwavuta watu kutoka kwenye chungu. Toktosun amekuwa mchezaji wa tano wa Sary-Dobo miaka yote hii, na wala hajijui. Usimwambie kabla ya fainali, kichwa chake hakitapita mlangoni.

Hii haina maana kwamba yeye ni bora kuliko wewe. Bila hesabu zako nisingelijua hilo, naye asingelijua. Anasema mambo yalikuwaje, wewe unasema yalikuwa mangapi, na msomaji mwenye akili anawahitaji wote wawili, mradi kila mmoja asijifanye ndiye uwanja.

Kosa lako kubwa liko kwingine, nalo umelitaja kama mtu anayetaja hali ya hewa. Kydyr ni ndugu wa mke wako. Je, uliliandika hilo gazetini? Hukuliandika. Utaniambia Sary-Dobo nzima inajua. Gazeti lako linasomwa mpaka huku, na huku hatukujua. Unaogopa watu wakisema mke kakukalia, lakini walichotakiwa kuambiwa tangu siku ya kwanza ni kwamba mke yupo.

Basi fanya hivi. Masahihisho yatoke gazeti la Jumatano, ukurasa uleule, herufi zenye ukubwa uleule, yasifichwe chini ya bei ya pamba. Mstari wa kwanza useme: Kydyr ni shemeji yangu. Halafu eleza ulihesabu nini mara ya kwanza, ulihesabu nini mara ya pili, na swali gani ulilisahau. Taja na yule farasi aliyeteguka, ili Ormon asijidanganye kwamba alishinda kwa akili. Sema kanda zipo ofisini, na anayetaka kuhesabu mwenyewe aje na chai yake. Usiandike kwamba Kydyr lazima apande. Kupanga timu ni kazi ya Ormon. Kazi yako ni kumtolea njiani gogo uliloliweka. Nargiza akikataa, mrudishie maneno yake mwenyewe: watakaocheka watasoma mpaka mstari wa mwisho.

Watacheka, ndiyo. Mhunzi atakuuliza farasi ana miguu mingapi baada ya masahihisho. Mjibu minne, lipa, nenda nyumbani.

Kabla gazeti halijatoka, nenda kwa Kydyr. Usimtume mkeo. Nenda asubuhi akiwa na farasi wake, chukua brashi ya pili, shika upande wa pili, mwambie: nilihesabu vibaya, na neno lile la gunia lilikuwa langu, halikuwa la hesabu. Kisha nyamaza. Nakusihi, Mwalimu, usimweleze kok-boru.

Kuhusu mbuzi. Nargiza anasema kweli kwamba mwandishi hali nyama ya timu anayoiandika. Lakini mila nayo ina haki yake, na anayemrudisha mbuzi aliyetupwa mlangoni kwake atakuwa amewatemea mate vijana waliomletea kwa moyo mweupe. Kwa bahati, wazee wetu walikwisha kulitatua hilo kabla magazeti hayajazaliwa: mwenyeji wa karamu hali nyama, kazi yake ni kuhudumia. Mpike. Waite wapanda farasi wote, muuza mikate, mhunzi, Toktosun, na kila jirani aliyeleta supu. Kydyr mkalishe mahali pa heshima, mbali kabisa na mlango, maana ametokea kwa zizi la ng'ombe mara moja na inatosha. Wewe kazi yako iwe kushika birika na kuwanawisha watu mikono, mmoja baada ya mwingine, na nyama isiguse ulimi wako. Ukifika kwa wale wa supu, sema wazi mbele ya Begaim kwamba hakuwa mgonjwa, ulikuwa mwoga. Na kuni pasua mwenyewe. Mwanamke mwenye shoka ambaye amesingiziwa ugonjwa si wa kuachiwa kazi hiyo.

Msamaha wa mkeo usiuombe kwa maneno, atakupa hesabu na utaikosa. Wewe tazama bakuli lako. Siku litakapokuja nusu, kaa palepale, kunywa, na omba jingine.

Sasa lile nililoahidi. Nimekuamuru uwaambie wasomaji wewe ni nani kwa Kydyr, basi haki inanidai nami niwaambie wasikilizaji mimi ni nani. Nimezaliwa Kara-Bulak. Mume wangu aliichezea Kara-Bulak. Jumamosi nitakuwa jukwaani na blanketi langu, nikiishangilia Kara-Bulak mpaka koo likauke, na hakuna ninachokitamani kuliko kumwona Kydyr amekaa benchi amevaa koti. Anayenisikiliza aupime ushauri wangu akilijua hilo.

Nawe, Mwalimu, mshushe huyo mbuzi leo hii. Jua la Machi halisubiri gazeti la Jumatano.